Gati si diko

Ndugu zangu, kila habari ya samaki wa Mtwara ikisomwa, utasikia wavuvi "wameshusha samaki gatini". Tuelewane. Bandari ni eneo lote la maji tulivu ambamo vyombo vinajikinga na kuhudumiwa. Gati ni jengo lililo ndani yake, meli inapofungwa kamba. Diko ni ufukwe anaposhukia mvuvi na samaki wakauzwa hapohapo.

Bandari inaweza kuwepo bila gati. Majahazi yalitia nanga Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, miaka mingi, na David Livingstone alianzia hapo safari yake ya bara mwaka 1866. Gati la Mtwara limekuja juzi tu, tena kwa ajili ya karanga. Waingereza walianzisha mpango wa mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947, Nachingwea, bara ya Lindi, ikiwemo, na karanga zilihitaji bandari ya kusafirishia. Bandari ya Lindi haikuwa na kina cha kutosha meli kubwa, wakachagua ghuba ya Mtwara. Mpango ukafa 1951, gati likafunguliwa 1954, na reli iliyojengwa kubeba karanga za Nachingwea hadi pwani haikumaliza miaka kumi na mitano. Korosho ndiyo iliyolipatia gati kazi, na siku hizi makaa ya mawe.

Mvuvi hayumo kabisa katika hesabu hiyo, na ndiyo maana naumia anapobandikwa gati. Meli inataka kina. Ngalawa inataka mchanga unaoteremka taratibu. Inaingia na maji kujaa, yakipwa inabaki imekaa mchangani, nahodha akague mbao na kuziba penye kuvuja. Ukiisogeza gatini, ukingo wa zege unakuwa juu ya vichwa vya mabaharia, samaki watapandaje? Dikoni wachukuzi wanaingia majini hadi mapajani na ndoo, dalali ananadi fungu kwa fungu, changu huku, dagaa kule, na akina mama wa kukaanga wameshapanga bei vichwani. Soko hilo halikujengwa na mkoloni yeyote.

Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyoanza kujengwa 2023, ni ya meli za bahari kuu zinazofungwa kamba. Hapo "gati la uvuvi" ni sahihi kabisa. Ila yule changu uliyemnunua asubuhi kwa mwenye ngalawa pale Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba ya Mtwara, sema umemtoa dikoni.