Tawi Jipya Linapopelekwa kwenye Seva kwa Mara ya Kwanza

Katika ofisi yetu iliyo karibu na Barabara ya Ngong, hapa Nairobi, waandaaji programu wanaoanza kazi huniuliza swali hili mara kwa mara: kwa nini `git push`, amri ya kupeleka kazi kwenye seva kwa kutumia Git, programu inayohifadhi historia ya msimbo, inafanya kazi katika tawi kuu, lakini inagoma pindi mtu anapofungua tawi lake mwenyewe, yaani njia ya kazi iliyojitenga na ile kuu? Wengi hunakili amri ndefu ambayo Git yenyewe huwapendekezea, kisha wakaendelea na shughuli zao. Amri hiyo ni sahihi, ila anayeitumia bila kuielewa atakwama siku atakapokuwa na maghala mawili ya mbali, yaani nakala za mradi zilizo kwenye seva, badala ya moja.

Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia nzima ya mradi katika tarakilishi ya kila mshiriki. Tawi lenyewe, kwa kawaida, ni faili ndogo mno ndani ya `.git/refs/heads`, ambayo hubeba tu herufi na tarakimu 40 zinazotambulisha komiti ya mwisho, yaani mabadiliko ya mwisho yaliyohifadhiwa katika historia. Ndiyo maana tawi hufunguliwa papo hapo, hata bila intaneti, na ndiyo maana seva haina habari nalo hadi utakapolipeleka:

`git push -u origin malipo-ya-simu`

Neno `origin` ni jina tu ambalo `git clone` hulipa ghala ulilonakili mradi kutoka kwake, nawe unaweza kulibadilisha. Uzito wa amri hii uko katika `-u`, kifupi cha `--set-upstream` iliyo katika ile amri ndefu. Fungua faili ya `.git/config` baada ya kuitekeleza, nawe utakuta mistari hii:

```
[branch "malipo-ya-simu"]
    remote = origin
    merge = refs/heads/malipo-ya-simu
```

Huo ndio uhusiano uliokosekana kati ya tawi lako na tawi la seva. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2014, Git haikisii tawi lako liende wapi. Ikikosa mistari hiyo, husimama na kukuonyesha amri ya kutumia, jambo ambalo naliona kuwa la busara kabisa. Toleo la 2.37 la mwaka 2022 lilileta mpangilio wa `push.autoSetupRemote`, unaoandika uhusiano huo wenyewe. Mimi huwashauri vijana wauwashe, lakini baada ya kuisoma mistari hiyo kwa macho yao.

Kinachosafiri ni komiti zako pamoja na vitu ambavyo seva haina, wala si mradi mzima. Kwa hivyo hata anayetumia bando la simu hana haja ya kuhofia gharama, ilmradi hajaongeza faili kubwa. Mabadiliko ambayo hujayafanyia komiti hayaendi popote. Aidha, kupeleka tawi hakugusi tawi kuu hata kidogo, kwani kuunganisha ni hatua nyingine inayosubiri wenzako waikague kazi. Kwa sababu hiyo nasisitiza tawi lipelekwe siku ile ile linapofunguliwa, hata likiwa na komiti moja tu, kwa maana tarakilishi ikiibiwa kwenye matatu, kazi iliyofika kwenye seva haipotei nayo.

Ukitaka kuhakikisha, andika `git branch -vv`. Tawi lililounganishwa litaonyesha `[origin/malipo-ya-simu]` kando ya komiti yake. Mabano hayo yasipoonekana, tawi bado halijaunganishwa na tawi lolote la mbali.