Bastola ya mbao na kamba ya Luzira

Serikali ikinipangia kesi ya mtu asiye na pesa ya wakili, ndugu zake huanza na swali moja: "Watamnyonga?" Mara ya mwisho, hapa Arua, Uganda, aliyeuliza ni shangazi wa kijana wa bodaboda aliyeshtakiwa kupora simu kwa bastola. Bastola yenyewe ilichongwa kwa mbao, ikapakwa kiwi. "Si mchezo wa watoto huo, mwanangu?"

Zamani shangazi angekuwa na hoja. Mahakama zilidai ushahidi kwamba bunduki inafyatua risasi kweli. Marekebisho ya Sheria ya Adhabu ya 2007 yakafunga mlango huo: mfano wa silaha nao ni silaha, na unyang'anyi wa aina hiyo unaweza kumpeleka mtu kitanzini, sawa na mauaji, ubakaji, uhaini au ugaidi. Vivyo hivyo kumnajisi mtoto wa chini ya miaka 14, au wa chini ya 18 ikiwa mkosaji ana virusi vya Ukimwi. Hili la watoto, wengi hawaliamini, maana wamezoea kulimaliza kwa mbuzi nyumbani kwa mzee.

Ila nikisema "unaweza", nina maana yangu. Kabla ya kesi ya Susan Kigula na wenzake, wafungwa waliosubiri kunyongwa, jaji akishamtia mtu hatiani kwa kuua au kwa unyang'anyi wa silaha, alibaki na adhabu moja tu mdomoni. Machozi, umri, watoto walioachwa nyumbani, vyote havikumsaidia mtu. Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ulazima huo unavunja Katiba. Kitanzi chenyewe ikakibakiza, jambo ambalo bado linanikera. Ikaongeza kwamba hukumu ikishathibitishwa na rufaa ya mwisho, miaka 3 ikapita bila mtu kunyongwa, inageuka kifungo cha maisha. Raia wa mwisho kunyongwa katika gereza la Luzira ni wale 28 wa 1999. Kigula mwenyewe alipangiwa adhabu upya, miaka 20, akatoka 2016.

Kwa hiyo siku hizi najiandaa kwa hatia mapema, yaani nakusanya vya kumwombea mtu huruma kwa jaji. Nikamwambia shangazi alete cheti cha ubatizo cha kijana, mtu wa stejini kwake anayemjua vizuri, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

"Hiyo barua," akauliza, "muhuri wake atanitoza ngapi?"