Mizani haijasogea, na hukuwa mvivu

Wiki hii mama mwingine amekaa mbele yangu akifuta machozi. Miezi mitatu ametembea saa nzima kila siku, mizani imeshuka kilo moja tu, na mwalimu wake wa mazoezi amemwambia, "Hujitumi." Nimechoka kulisikia neno hilo. Alijituma sana. Hesabu aliyopewa, kwamba ukifanya mazoezi tu kilo zitaondoka, ndiyo mbovu.

Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori 7,700 hivi. Kukimbia hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako, kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 atakimbia basi kilomita 110 ndipo aunguze kilo moja. Jasho ni maji, ukinywa yanarudi. Na wanaosema misuli huyeyusha mafuta hata usingizini wajue kwamba kilo ya misuli iliyotulia hutumia kalori kama 13 kwa siku.

Ila kinachoniudhi hasa ni kuuona mwili kama ndoo iliyotoboka, kwamba ukipanua tundu maji yatapungua tu. Mwili hujifidia. Aliyekimbia asubuhi huenda akashinda ameketi mchana kutwa bila kujitambua, na jioni akapakua kidogo zaidi ya jana. Hayo si udanganyifu wala ulafi, ni mwili unalinda akiba yake. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Waliwanywesha maji yenye isotopu maalumu, yaani atomu nzito kidogo zinazofuatiliwa kwenye mkojo ili kujua nishati iliyotumika, kipimo tunachokiamini kuliko vyote kwa mtu anayeendelea na maisha yake ya kawaida. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikupishana na ya watu wazima wa Marekani na Ulaya. Pontzer anasema mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingineko. Watafiti wengine wanampinga, na mimi nasita kumfuata hadi mwisho. Kubana kupo, lakini hakulingani kwa kila mtu. Nimewahi kuwapa watu wawili ratiba moja na mlo mmoja, mmoja akapungua, mwingine akabaki palepale, nami sikuwa na maelezo ya kuwaridhisha.

Je, aache kutembea? Hata kidogo! Mazoezi hupunguza mafuta yanayozunguka ini na utumbo hata mizani ikigoma, hushusha shinikizo la damu, huusaidia mwili kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na humlinda aliyekwisha kupungua asirudie uzito wake. Kupungua kwenyewe huanzia zaidi kwenye sahani, na huko ndiko tulikotumia muda wetu uliobaki. Kabla hajaondoka nilimuuliza kuhusu nguo zake. Akaniambia sketi zote zinamlegea kiunoni, na kwamba mimi ni wa kwanza kumuuliza.