Kwa nini kipimo cha oksijeni hakitaki mwendo

Mpanda mlima yuko kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Anatazama saa yake janja, inamwonyesha oksijeni ya damu asilimia 85. Mtu mwingine anakimbia kandokando ya bahari Dar es Salaam, kipimo kidogo kimebana kidole chake, nacho kinaonyesha 85. Wa kwanza huenda ameambiwa kweli, maana kwenye kimo kile hewa ni nyepesi, na hata watu wenye afya njema hushuka hadi asilimia 80 na kitu. Wa pili, kama ni mzima, kwa kawaida damu yake ina asilimia 95 au zaidi. Namba aliyoiona haikutoka kwenye damu, imetoka kwenye mkono unaorukaruka. Na kuwa imeangukia 85, si 60 wala 92, kuna sababu yake.

Kipimo hiki, ambacho wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19, hutumia mwanga wa aina mbili: mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake, hubadilika tabia kufuatana na mzigo ilionao. Ikiwa imebeba oksijeni huuacha mwanga mwekundu upite na kufyonza zaidi infraredi. Ikishautua mzigo huo, hufyonza zaidi ule mwekundu. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, kifaa hukadiria ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni.

Lakini mwanga huo unapita pia kwenye ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena iliyokwisha kutoa oksijeni yake. Tutaijuaje damu ya ateri, ile inayotoka moyoni ikiwa na oksijeni, peke yake? Jibu alilipata mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa anatafuta kitu kingine kabisa. Alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kuchoma rangi kwenye mshipa na kuifuatilia kwa mwanga sikioni, na mapigo ya moyo yakawa yanamvuruga. Katika kuhangaika kuyaondoa, akaona kwamba kinachodunda ni damu ya ateri, na vingine vyote vimetulia. Ukichukua ile sehemu inayodunda tu, ngozi na mfupa havikuhusu tena. Mwaka 1974 aliwasilisha wazo hilo kwa wenzake nchini Japani. Alifariki Aprili 2020, wakati hospitali za dunia nzima zikikihitaji kifaa hicho kuliko wakati wowote.

Udhaifu wa kifaa umo ndani ya uzuri wake huohuo. Sehemu inayodunda ni ndogo mno, mara nyingi asilimia moja au mbili tu ya mwanga wote unaopokelewa. Mkono ukitikisika, damu ya vena inayumba, ngozi inasogea, na kihisi kinaachana na mwili kidogo kisha kinarudi. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa makubwa mara nyingi kuliko pigo lenyewe, na kifaa hakiwezi kujua kwa kutazama mwanga peke yake kwamba si moyo uliopiga.

Sasa turudi kwenye 85. Kifaa hupata namba yake kwa uwiano: mdundo wa mwanga mwekundu ukigawanywa kwa mdundo wa infraredi. Uwiano huo hutafsiriwa kwa jedwali lililotengenezwa kwa kuwavutisha watu wazima wenye afya hewa yenye oksijeni kidogo, huku damu yao ya ateri ikipimwa maabara. Uwiano ukiwa 1, jedwali husoma takriban asilimia 85. Mtikisiko wa mkono huigusa mianga yote miwili karibu sawasawa, kwa hiyo huuvuta uwiano kuelekea 1. Mwenye asilimia 98 atashushwa. Mwenye asilimia 75, aliye hatarini, anaweza kupandishwa, akaonekana ana nafuu ambayo hana. Hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu namba iliyopanda humtuliza kila mtu chumbani.

Mtu atauliza, kwa nini tusichuje tu mtikisiko? Tatizo ni kwamba mkimbiaji mzuri hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na moyo wake unaweza kuwa unapiga kwa kasi hiyohiyo. Ukichuja kila kinachojirudia kwa kasi ya hatua, umelichuja na pigo la moyo. Ndiyo maana saa nyingine humwonyesha mkimbiaji mapigo ambayo kwa kweli ni hesabu ya miguu yake. Wahandisi hukabili tatizo hili kwa kuweka ndani ya saa kihisi cha mwendo, ili programu ijue mkono ulisogea lini na kwa nguvu gani, kisha itoe mchango wa mwendo huo kwenye ishara ya mwanga. Kwa vifaa vya hospitali, kampuni ya Masimo ya Marekani, iliyoanzishwa 1989, ilijijengea jina kwa mbinu za kutenganisha mdundo wa ateri na msukosuko wa vena. Mbinu hizi zimesaidia sana. Hazijalimaliza tatizo.

Kifundo cha mkono kina shida zake za ziada. Kidoleni mwanga hupenya upande mmoja ukatokea wa pili. Kwenye saa, taa na kihisi viko upande mmoja, hivyo husomwa mwanga uliorudi tu, na mdundo wa pale ni hafifu. Ukitazama chini ya saa wakati wa mazoezi mara nyingi utaona taa za kijani. Kijani hufyonzwa sana na damu na hakiingii ndani sana, kwa hiyo hustahimili mtikisiko na hufaa kuhesabu mapigo, ila kwa oksijeni hakitufai kama nyekundu na infraredi. Saa zinazopima oksijeni kwa uangalifu hungoja utulie, au hupima ukiwa umelala. Inayokupa asilimia ya oksijeni kila hatua unapokimbia, mimi singeiamini.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo jingine la kujua. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kipimo cha kidoleni kiliuficha ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Pwani kuna na piko, rangi nyeusi ya urembo inayoweza kuzuia mwanga: aliyepakwa hadi ncha za vidole apimwe kwenye ndewe ya sikio.

Kwa hiyo simama, keti, pasha mkono joto, uuweke mezani usawa wa moyo. Subiri hadi namba isimame mahali pamoja kwa nusu dakika. Kisha shika mshipa wa mkono mwingine uhesabu mapigo. Yakitofautiana sana na yaliyo kwenye kioo, ile asilimia ya oksijeni itupe. Kule Barafu, mwenye 85 aliyepimwa hivi, ambaye kichwa kinamuuma au anatapika, asiendelee kupanda. Akiyumba, au akihema sana hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja.

Wanaotikisika zaidi ya wakimbiaji ni watoto wenye nimonia. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto aliye chini ya asilimia 90 apewe oksijeni, na mtoto anayelia na kurusha mikono hasomeki. Mama amnyonyeshe kwanza, kihisi cha saizi yake kifungwe kwenye kidole gumba cha mguu wenye joto, na muuguzi atazame wimbi la mapigo kwenye kioo kabla ya kuandika namba. Mtoto asiyeweza kunyonya, au ambaye ulimi wake umegeuka buluu, aanzishiwe oksijeni mara moja, kipimo kifuate baadaye.