O_NONBLOCK haikuokoi na diski
Waandishi wengi wa programu za Linux huamini kwamba ukifungua faili kwa alama ya O_NONBLOCK ("usizuie"), read(), yaani ombi la kusoma data, haitaisimamisha programu tena. Kwa soketi (mlango wa mawasiliano, kama ya mtandao) na paipu (njia ya data kati ya programu) ni kweli: data isipokuwepo, kerneli, yaani kiini cha mfumo, hurudisha kosa la EAGAIN ("jaribu tena") papo hapo. Kwa faili la kawaida la kwenye diski, alama hiyo haisaidii kitu. Kerneli hulihesabu faili kuwa tayari wakati wote, hata kama kurasa zake, yaani vipande vya data yake, hazijaingia kwenye kumbukumbu, kwa hiyo uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) ulioita read() hulala hadi diski ijibu. Ndiyo maana epoll, chombo cha kerneli cha kungojea soketi na paipu nyingi kwa pamoja, hulikataa faili hilo kwa kosa la EPERM ("hairuhusiwi"), na inafanya vyema kulikataa.

Kutozuiwa ni kuuliza, "kuna kitu sasa hivi?" Usomaji usiosubiri hasa ni kukabidhi ombi pamoja na bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data), kisha kupewa taarifa kazi ikikamilika. Hivyo ndivyo inavyofanya io_uring, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019: foleni moja ya maombi, nyingine ya majibu, zote kwenye kumbukumbu inayoshirikiwa na kerneli. Tafadhali, bafa usiiguse wala kuiachilia kabla jibu halijafika. La sivyo, data huweza kuharibika kimyakimya.