Gnawa hawamtoi jini, wanamwita

Juzi nimeshuka jukwaani, hata jasho halijakauka, dada mmoja kanifuata: "Kaka, leo mlikuwa mnamtoa nani majini?" Nimechoka jamani. Miaka yote nabeba gembri, ile besi ya nyuzi tatu ya Gnawa, swali ni hilohilo.

Gnawa, wale wapigaji wa muziki wa pepo wa Moroko, hawatoi jini. Lila, ile shughuli ya usiku kucha, inafanywa ili pepo aje, apigiwe wimbo wake, apewe rangi yake na ubani wake, acheze mpaka aridhike, halafu amwache mtu wake atulie hadi msimu mwingine. Sisi watu wa pwani ndio tungeelewa hili haraka kuliko wote, manake bibi zetu wanajua kwamba kumpunga mtu mara nyingi ni kupatana na pepo, anaulizwa anataka nini, anapewa, na yule mtu anabaki kiti chake. Hata maneno tunachangia: maalem, kiongozi wa wapigaji, ni mwalimu huyuhuyu wetu, ila Moroko anaitwa hivyo kwa maana ya fundi, na pepo wanaitwa mluk, mzizi mmoja na "miliki". Sasa anayekumiliki utamfukuzaje kama mwizi wa kuku?

Asili yao kwa kifupi: ni watu wa kusini ya Sahara, Wabambara, Wahausa, Wafulani na wengine, waliovushwa jangwa utumwani kwa karne nyingi, na mambo yalizidi Moroko ilipoivamia dola ya Songhai mwaka 1591 na baadaye sultani Moulay Ismail alipojikusanyia jeshi la watu weusi. Walikuja na pepo wao, wakakutana na mawalii wa kule, vikachanganyika hapohapo Moroko, kwa hiyo anayekwambia Gnawa ilibebwa nzima kutoka Mali anakudanganya, na anayeiita muziki wa Kiarabu basi ndio kapotea kabisa. Ni Waislamu, wanajinasibisha na Bilali muadhini wa Mtume, na Essaouira, mji wa pwani ya Moroko, wana zawiya yake, nyumba ya ibada. Ile hadithi kwamba krakebu, vile vyuma vya mkononi, vinaiga minyororo inanigusa kila nikiisikia, ila kama historia siiwekei dhamana.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaosema nguvu yote iko kwenye besi, eti zile nyuzi tatu na ngozi ya ngamia zinalewesha ubongo. Mbona kwenye tamasha la Essaouira, lililoanza 1998, maelfu wanaisikia besi hiyohiyo kwenye spika kubwa na wengi wanarudi kulala wazima? Kwenye lila anapanda, yaani anashikwa na pepo, yule ambaye wimbo wa pepo wake umepigwa. Ikigongwa ya Sidi Moussa, pepo wa bahari, mokadema, yule mwanamke anayesimamia shughuli, anamfunika mtu kitambaa cha buluu, chetezo kinapitishwa chini ya uso, na utaona mtu anacheza na bakuli la maji kichwani. Ikija ya Sidi Hamou kila kitu ni chekundu. Na maalem hapigi kwa kujifurahisha, macho yake yako kwenye miguu ya anayecheza, mguu ukikaza anakaza, ukilegea anamsubiri, na hathubutu kuacha katikati, kwa sababu aliyekatiziwa wimbo anaweza kuumwa siku nyingi. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa, vidole vilikuja baadaye.

Lakini kuna kitu kinanisumbua na sijakimaliza. Siku moja tunafanya mazoezi mchana, hakuna ubani, hakuna mokadema, hakuna kitambaa, mimi najifunza tu wimbo wa Lalla Mira, pepo wa kike, na nakosea kila mzunguko, mama aliyekuwa anatuletea chai akaweka sinia chini akapanda palepale. Kwa maelezo yangu ya hapo juu haikutakiwa kutokea. Mwalimu wangu alininyang'anya gembri bila neno, akapiga mpaka yule mama akakaa mwenyewe, akaomba maji, chai ikamiminwa.