Mkunga sio nyoka jamani, na ule mdomo wazi hakutishii

Wanaochokoa pweza wanajua, maji yakitoka unachomeka fimbo tunduni ukidhani pweza kumbe ni mkunga, yule samaki mrefu wa kwenye mwamba. Hapo ndo kelele zinaanza, nyoka nyoka, na anapigwa mawe mpaka anakufa. Mimi inaniuma kweli, maana karibu yote tunayomsema sio.

Hili la nyoka kwanza. Mkunga ni samaki, ana matamvua, hana magamba, mwili mzima ni ute, na pezi lake ni moja refu linatoka mgongoni linazunguka mkia linarudi tumboni. Nyoka wa bahari wa kweli yupo huku kwetu, yule mweusi mwenye tumbo la njano na mkia bapa kama kasia, huyo anavuta hewa kwa hiyo lazima apande juu, na sumu anayo. Hafanani kabisa na yule wa kwenye mwamba.

Sasa mdomo, hapa ndo tunamwonea zaidi. Chukua huyu mkunga mkubwa, Gymnothorax javanicus, wa kahawia mwenye madoa meusi kama chui nyuma ya kichwa, anafika mita 3 na kilo 30, utamkuta kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu mpaka visiwa vya Pasifiki. Anatoa kichwa tunduni anaachama anafumba, anaachama anafumba, meno yote nje, na mtu anaona kabisa anataka kumrukia. Kumbe anapumua tu! Vitundu vyake vya matamvua ni vidogo, hana vile vifuniko vipana kama vya changu, inabidi asukume maji kwa mdomo muda wote hata akiwa amepumzika.

Kuuma anauma, sitadanganya, ila hana meno ya kudunga sumu kama swila. Ubaya wa jeraha lake ni kwamba meno yamepinda kurudi ndani, linachanika vibaya na linaweza kuoza, kwa hiyo nenda hospitali usikae nalo nyumbani. Na kooni ana taya za pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha mwaka 2007 kwamba zinachomoza mbele, zinanasa windo na kulivuta ndani. Macho yake hafifu, pua ndo kali, anawinda zaidi usiku, sasa wewe mzamiaji unamlisha samaki kwa mkono halafu unashangaa amekosea kidole? Kuna watu wamepoteza vidole hivyo hivyo.

Wapo wanaosema ana umeme. Hana, yule samaki mrefu wa umeme ni wa mito ya Amerika Kusini na wala sio ndugu yake.

Kwenye kula tunakosea upande wa pili. Watu wanasema ukimpika sana yuko salama, hapana. Mikunga wakubwa wa kwenye matumbawe wanaweza kuwa na sumu ya siguatera, inaanzia kwa vijimea vidogo sana kwenye mwani, inapanda kwa samaki wadogo, kisha wakubwa, mpaka kwake, na maini ndo yanabeba nyingi zaidi. Haina harufu wala ladha, na moto hauitoi. Utatapika, utaharisha, midomo itakufa ganzi, saa zingine kitu cha baridi unahisi kinakuunguza.

Halafu wanasema ni mjinga, hana akili, yuko peke yake tu. Mwaka 2006 mtafiti Redouan Bshary na wenzake waliandika walichokiona Bahari ya Shamu, chewa anamfuata mkunga tunduni kwake mchana, anamtikisia kichwa usoni, na mkunga anatoka wanaongozana kuwinda. Samaki akikimbilia kwenye nyufa anamkuta mkunga, akitoka nje anamkuta chewa. Hawagombani hata kidogo, na hawagawani pia, anayemkamata ndo anammeza mzima mzima.